Kidole cha Bibi wa Meno

Akitaka kutazama kinywa cha mtoto, Bibi wa Meno hakusema "achama". Alisema, "Hebu nionyeshe baba yako anavyopiga miayo." Nasi tulikuwa tumefika pale tumekaza taya, tumeapa njiani kwamba hata tukichapwa hatuachami. Lakini mtoto gani atakataa kumwigiza baba yake? Ukianza kuigiza, mwayo wa kweli unakuja wenyewe, unakuvuta mpaka masikio yanaziba, na kabla hujaumaliza kidole chake kimekwisha kuzunguka ufizi wote na kutoka. Unabaki kuuliza, "Bado hujanitazama?" Naye amekwisha kuinuka kutafuta dawa.

Wako watakaotaka kujua alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi. Mimi sijui, na sitatunga. Songea ya wakati wa Wadachi ilijaa watu waliotoka huku na kule, wengine kwa hiari yao na wengine kwa kuswagwa, na haikuwa adabu kumwuliza mtu mzima swali hilo. Nilipomfahamu alikuwa bibi tayari, na nilipoketi naye mara ya mwisho alikuwa bibi yule yule, ila amepungua kimo. Jina lake wakubwa walilijua. Sisi tulimwita kwa kazi yake, naye aliitika.

Kazi yake yote ilikuwa katika kidole kimoja, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kwa sababu ndicho kilichoenea katika kinywa cha mtoto mchanga. Alikitunza kuliko watu wanavyotunza mbuzi. Kucha yake aliisugua kwenye jiwe mpaka ikawa butu. Alikula ugali kwa vidole vinne, kile cha tano amekiinua juu kisiguse mboga, na hata kwenye sherehe, katikati ya watu wazima wanaokula kwa fujo, ulikiona kimesimama peke yake. Hakikugusa pilipili. Kabla ya kazi alikitumbukiza katika maji ya moto, akikunja uso na kutukana kidogo, kisha anakipuliza kipoe. Mama mmoja alimwambia maji ya uvuguvugu yangetosha. Bibi akamjibu, "Basi kitie kidole chako wewe, kinanuka vitunguu."

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya Luhira, upande wa kuelekea milima ya Matogoro. Siku hizi watu wa Bombambili wanapita karibu na pale na baiskeli zao bila kujua kitu. Mlango ulitazama mawio, naye aliujenga hivyo kwa makusudi. Alikuwa na kinu kibovu kilichopasuka, amekifudikiza mbele ya mlango, na mtoto alikalishwa juu yake akitazama jua linapochomoza, ili mwanga uingie kinywani mpaka kwenye magego ya mwisho. Ukichelewa ukafika jua liko utosini, anakurudisha. "Siingii nyumba isiyo na taa," alisema. Kwa hiyo watoto wenye meno mabovu walikuwa watu wa kwanza kuamka Songea nzima, na njia ya kwenda kwake alfajiri ilikuwa na vilio vyembamba kila upande, kama vya vifaranga.

Jambo lililomfanya apendwe na watoto, na kuogopwa na mama zao, ni kwamba hakumdanganya mtoto. Mama anakuja anabembeleza, "Haitauma, mwanangu, haitauma kabisa." Bibi anamkatiza hapo hapo. "Itauma. Usimfanye mtoto mjinga. Njoo hapa, mjukuu wangu, nikuonyeshe itakavyouma." Anamshika mkono anamfinya, mfinyo uliopimwa sawasawa na jino lenyewe. Jino linalocheza tayari, mfinyo mdogo. Gego lenye tundu la kusafishwa, mfinyo mkali kidogo. Jipu la ufizi, hapo anakufinya mpaka machozi yanalenga. "Ni hivi, wala haitazidi hapo. Unaweza?" Mtoto anafikiri, anasema anaweza. Kazi ikiisha, mtoto ana haki yake: anamfinya Bibi kwa kadiri alivyoumia. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile. Mikono ya Bibi, kutoka kwenye kiwiko kushuka chini, ilikuwa na alama kila msimu, naye alizionyesha kwa majivuno. "Hii ya binti wa mfua chuma. Hii ya yule mwenye kichwa kikubwa, alinionea, jino lake halikuuma hivi."

Siku moja alikuja askari wa bomani na mwanawe, mtoto wa miaka mitano hivi. Askari mwenyewe ni jitu, kofia, bunduki begani, mtu ambaye tukimwona njiani tulijificha kwenye nyasi. Bibi akamfinya mtoto, mtoto akasema anaweza. Bibi akatoa koleo lake dogo alilofuliwa na mfua chuma, akalitia kinywani, jino likalia *kwachu*, na nyuma yetu tukasikia kishindo. Askari alikuwa chini, bunduki upande huu, kofia upande ule. Bibi hakugeuka. Alimaliza kumsukutulisha mtoto maji ya chumvi, akamwambia, "Nenda kampulizie baba yako usoni, mwambie limekwisha." Mtoto akaenda akampulizia, akamtapakazia damu shati lote. Kwa mwezi mzima sisi watoto hatukujificha kwenye nyasi.

Lakini watu wakidhani alikuwa mng'oaji tu, wanakosea. Kung'oa kulikuwa mwisho wa yote. Kazi yake hasa ilikuwa kuuliza. Linauma ukinywa maji ya baridi au ya moto? Linauma ukila kitu kitamu? Linakuamsha? Unatafunia upande gani? Kisha ananusa pumzi, anagonga jino moja moja kwa kijiti cha mtama, taratibu, huku anatazama macho ya mtoto na si kinywa chake. Alikuwa ametambua kwamba mtoto mdogo husema jino linauma kumbe ni sikio, na mwingine husema sikio kumbe ni gego la nyuma. Shavu likiwa limevimba na mwili una moto, hakushika koleo hata umlipe nini. Alikanda kwa pumba za moto katika kitambaa, maji ya chumvi mara nyingi, mpaka usaha upate njia. Jino lenye tundu alilisafisha kwa unyoya, akajaza karafuu iliyotwangwa, ambayo aliipata kwa mfanyabiashara wa Kiyao aliyepita kutoka njia ya Tunduru kila kiangazi. Na jino la utoto linalocheza aliliacha, akimwambia mtoto alisukume kwa ulimi wake mwenyewe. "Ulimi una subira kuliko mimi," alisema.

Mimi mwenyewe nilimwendea na jino la uongo. Ulikuwa wakati wa kuamia ndege kwenye ulezi, kazi inayochosha kuliko zote duniani, na mimi nikaamka nimeshika shavu. Mama akanipeleka. Nikakalishwa kwenye kinu.

"Maji ya baridi?"

"Linauma."

"Ya moto?"

"Linauma."

"Ukilala?"

"Linauma sana, Bibi."

"Ukiruka kamba?"

Hapo nilisita. Sikuwa nimejiandaa kwa kamba. Nikasema hapo kidogo haliumi. Bibi akaingia ndani akatoka na hindi la kuchoma, akanipa nishike wakati yeye anatayarisha dawa. Aliporudi nilikuwa nimebakiza nusu, na nilikuwa natafunia upande mbovu. Hakunigombeza. Alinifunga shavu kwa jani na kitambaa cha pumba za moto, akamwambia mama, kwa uso mzito kabisa, "Hili litapona siku ulezi ukivunwa. Lakini lisikae kivulini, linataka jua. Mpeleke shambani." Nikaamia ndege wiki tatu nimefungwa uso kama maiti, wenzangu wakinicheka. Baadaye aliniambia mtoto mwenye jino la kweli hasimulii. Ananyamaza, analalia upande mmoja, na anakataa kile anachokipenda. Nimelea watoto wangu kwa maneno hayo na sijaona yakikosea.

Wakati ule watu wengi waliamini kuwa jino huliwa na mdudu. Alipita mganga mmoja msafiri aliyekuwa akiwatoa wadudu hao. Alichoma mbegu za ndulele kwenye kigae, mgonjwa anaachama juu ya moshi, maji chini katika bakuli, na baada ya muda unaona viminyoo vyeupe vinaelea. Watu walishangaa mno. Walikuwa wamejaa, wanatazamana vinywa. Bibi wa Meno akaja na kidole chake kimeinuliwa, akaketi mbele. Mganga alipopumzika, Bibi akaomba mbegu chache. Akazichoma yeye juu ya bakuli la maji, akalifunika na moshi wake bila kinywa cha mtu yeyote, akafunua. Viminyoo vile vile vikaelea. Akawaonyesha watu, akasema, "Jamani, bakuli langu lina gego bovu, nani anishikie niling'oe?" Kumbe vilikuwa viini vya mbegu. Tulicheka siku hiyo mpaka mganga mwenyewe akacheka, na akala chakula cha mchana kwa Bibi kabla ya kuendelea na safari yake.

Nisimfanye malaika. Kwa watu wazima alikuwa mkali bila sababu, na mama aliyekuja na mtoto mwenye mabaki ya chakula kwenye ufizi alisemwa mpaka jirani wa tatu akasikia. Alikataza asali kwa watoto wakati wa kulala, naye mwenyewe alikuwa mwizi wa asali, anaificha kwenye kibuyu nyuma ya kuni na kukilamba akidhani haonekani. Meno yake yalikuwa matano. Moja lilimsumbua miaka, na hakuthubutu kumwonyesha mtu. Nilimwambia, "Bibi, nikufinye nikuonyeshe itakavyouma?" Akanifukuza na mwiko.

Vita vilipoingia Ungoni, watu walikwenda kunywa dawa ya maji iliyosemekana inageuza risasi. Wengine walimwuliza Bibi kama dawa zake zinaweza kuongezwa humo. Alisema dawa yake inajua kinywa tu, risasi haijawahi kukutana nayo. Baba yangu alikunywa, akaenda. Hakurudi. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Walionyongwa bomani walinyongwa, ghala zikachomwa, na baada ya hapo ikaja njaa. Tulikula ndiga, vile viazi vya porini, tulikula mizizi iliyolowekwa siku nyingi, na masuku yalipoiva porini tulidhani Mungu amerudi. Bibi alizunguka nyumba kwa nyumba akiwatazama watoto ufizi uliokuwa unatoka damu, akiwaambia mama zao watafute majani mabichi na matunda, yoyote. Alisema njaa ni mganga mbaya lakini imeponya ugonjwa mmoja: hakuna mtoto hata mmoja aliyemjia na jino la uongo.

Ndani ya njaa hiyo mdogo wangu Tabu akaanza kuota meno.

Hapa sina budi kueleza desturi moja, kwa ajili ya vijana wasioijua. Mtoto akianza kuota meno ya chini, hiyo ni heri. Akianza ya juu, huyo ni kigego, na kigego alisemekana anakula watu wa nyumba yake mmoja mmoja. Kigego hakuachwa akue. Alichukuliwa na wanawake wazee kwenda upande wa mtoni, na wanawake walirudi peke yao, na jina lake halikutajwa tena. Kwa hiyo kila mtoto alikuwa na siku ya kutazamwa. Wanawake wa ukoo walikusanyika asubuhi, mwenye kidole akashika ufizi, akatamka. Upande wetu mwenye kidole alikuwa Bibi wa Meno.

Mimi nilikuwa na miaka minane, na Tabu alishinda mgongoni mwangu, kwa sababu mama alikuwa amedhoofu. Asubuhi moja aliniuma begani. Nikamshusha nikamfanyia mchezo wa mwayo, nikatia kidole. Chini palikuwa laini. Juu palikuwa na vitu viwili, vyembamba, vikali. Nikatia tena, nikitumaini nimekosea chini na juu. Sikuwa nimekosea. Nilimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote kilichobaki duniani, na nilijua Shangazi amekwisha kuwaita wanawake kwa kesho yake.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba baada ya baba. Alikuwa amezika ndugu, mume na wana wawili katika mwaka mmoja. Alikuwa akikaa mlangoni akisema kwa sauti ndogo, "Kuna kitu kinatumaliza. Kuna kitu." Na mtoto analia homa ya meno, na Shangazi anamtazama.

Nilimbeba Tabu nikavuka Luhira mbio. Sikumwambia Bibi neno. Nilimweka mapajani pake, naye akamfanyia mwayo. Kidole kiliingia, kikazunguka, kikasimama. Hakuwa amewahi kusimamisha kidole.

"Nani mwingine ameshika?" akaniuliza.

"Mimi tu, Bibi."

"Basi wewe hujashika. Umesikia? Kesho ukiniona, wewe ni mtoto uliyekuja kutazama watu."

Kesho yake wanawake walikuwa kumi na zaidi, wameketi uani kwetu. Bibi alitumbukiza kidole katika maji ya moto, akatukana kama kawaida. Alimpokea Tabu, akawapa wanawake mgongo wake mpana, akatazama jua. Mimi nilisimama nimeshika nguzo ya nyumba. Alishika muda mrefu. Halafu yeye, ambaye hakuwahi kumdanganya mtoto hata kwa mfinyo, aliwageukia watu wazima wote wale na kusema, "La chini limetoka. Moja, upande wa kushoto. Kali kama sindano."

Vigelegele vikaanza. Shangazi akainua mkono, vikakoma.

"Nami nishike, Mama."

"Shika," Bibi akasema, tena akamnyooshea mtoto. "Ila ana utando mweupe kinywani. Atakayeshika leo atawapelekea wanaonyonya nyumbani kwake. Una mjukuu anayenyonya, sivyo? Mimi kwangu sina anayenyonya. Ngoja siku saba, kisha washike wote, hata wanaume."

Shangazi alimtazama Bibi, akamtazama mtoto. Akashusha mkono. Siku saba, akasema, na siku ya saba atakuja mapema.

Siku saba hizo ndizo ndefu kuliko zote nilizoishi. Kila asubuhi Bibi alivuka mto na kisingizio cha kutibu utando. Alimlaza Tabu mapajani, akachovya kidole katika maji ya chumvi ya uvuguvugu, akausugua ufizi wa chini polepole, akiugombeza. "Toka wewe, mvivu. Wenzako wa juu wametoka, wewe unalala. Unataka nikuletee mkeka?" Mtoto alicheka na kutokwa na mate. Mimi nililia na kucheka pamoja. Siku ya nne ufizi ulikuwa mwekundu. Siku ya tano ukawa na weupe kwa ndani, lakini laini. Siku ya sita Bibi hakugombeza. Alisugua, akaondoka bila kuniaga.

Siku ya saba Shangazi alifika hata jua halijatoka. Alinawa mwenyewe, kwa maji ya moto, kama alivyomwona Bibi akinawa. Wanawake wakaketi. Bibi wa Meno alisimama kando, kidole chake amekificha ndani ya kiganja. Shangazi akamchukua Tabu. Akaingiza kidole. Akapitisha chini kutoka kushoto kwenda kulia. Akapitisha tena. Hata kuku waliona ni muda mrefu.

"Lipo," akasema Shangazi.

Bibi wa Meno akapaliwa na mate, akakohoa mpaka akapigwa mgongo. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, katika nyumba isiyo na unga, sijavisikia tena hata kwenye harusi. Mama akampa Tabu titi pale pale, na hakuna aliyetaka kushika tena. Baada ya siku chache meno mawili ya chini yalionekana wazi akicheka, na habari ikaishia hapo. Mvua zilinyesha, tukavuna, na mama akanenepa.

Miaka ilipita. Tabu akawa msichana wa miaka saba, mwenye maneno mengi na magoti yenye vidonda. Jino lake moja la juu la mbele likaanza kucheza huku ufizi umevimba, akawa hali vizuri. Nikampeleka kwa Bibi asubuhi. Shangazi, ambaye sasa hakupenda kubaki nyumbani peke yake, akaja nasi akiwa na ungo wake wa maharage, akaketi uani kuchambua pamoja na wanawake wengine waliokuwa wakisubiri na watoto wao.

"Shikamoo, Bibi," Tabu akasema, akapanda kwenye kinu.

Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu. Hakuhitaji macho. Alimfinya Tabu mfinyo wa kati. "Ni hivi. Unaweza?"

"Naweza. Lakini nitakuuliza jambo kwanza. Ukinijibu ndipo utang'oa."

"Uliza, mjukuu wangu."

"Mtoni kuna msichana tumegombana. Akasema bibi yake anajua mimi ni kigego. Ati nilianza ya juu. Ni kweli?"

Bibi aligeuza uso kunitafuta, kisha akaelekea pale sauti za ungo zilipokuwa, hatua kumi tu kutoka kwetu. Najua alichokuwa anapima. Neno moja lingemaliza, na mtoto angekwenda zake. Alikaa na kidole kimeinuka hewani.

"Ni kweli," akasema. "Ya juu yalitangulia. Nilishika mimi."

Tabu akafikiri. "Na nimekula nani?"

"Mahindi yangu tu kila ukija hapa."

"Basi ng'oa."

Aling'oa. Tabu akasukutua, akaukamata mkono wa Bibi akamfinya sawasawa, bila kuonea. Kisha, kabla sijamshika, akatoka mbio uani na jino kiganjani na damu kidevuni, akasimama mbele ya wanawake wote, akapaza sauti, "Shangazi! Mimi ni kigego! Bibi amesema! Hili hapa ndilo lililotangulia!"

Ungo ulisimama. Kila mtu alimtazama Shangazi. Mimi nilikuwa nimefika nimemshika Tabu mabega, tayari kumbeba na kukimbia kama zamani, ingawa alikuwa mzito sasa. Bibi alikuja akipapasa ukuta. Shangazi alichukua lile jino mkononi mwa Tabu, akaligeuza, akamfuta mtoto kidevu kwa upindo wa nguo yake.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu siku ile Mama huyu wa Meno aliponinyima kushika. Nilikuwa nimewazika wote. Niliwaita wanawake nikiomba atokee mtu mmoja tu wa kuniambia sivyo."

Bibi wa Meno akashika nguzo. Miaka saba alikuwa akijihesabu mwongo peke yake.

"Siku ya saba," akauliza, "ulishika nini?"

"Ufizi," akasema Shangazi, na alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Ufizi mtupu, Mama. Mtupu kabisa."